Nani Analala Humo Baada ya Mafundi Kuondoka?

Waliowahi kuishi kando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kuelekea Kibaha, wanaijua vizuri alama ya X. Unaamka asubuhi unakuta rangi nyekundu ukutani, na kuanzia hapo nyumba uliyoijenga kwa jasho la miaka haihesabiwi tena kuwa nyumba. Kilichobaki ni kusubiri tingatinga. Wachina nao wana alama yao. Ni herufi moja tu, hupakwa kwa brashi nene na kuzungushiwa duara, na hutamkwa karibu sawa na chai yetu ya kunywa. Maana yake ni "bomoa". Katika miaka ya 1990 na 2000 herufi hiyo ilitapakaa kwenye kuta za Beijing, Shanghai, Guangzhou na miji mingine mingi, hata mpita njia akawa hana haja ya kuuliza mtaa fulani una mpango gani. Ukuta wenyewe ulikuwa umeshasema.

Siku hizi alama hiyo imepungua. Kanuni zimebadilika, viongozi wa juu wamesema hadharani kwamba mitaa ya kale isibomolewe hovyo, na wasanifu majengo wanapewa tuzo za kimataifa kwa kukarabati vichochoro ambavyo miaka thelathini iliyopita vingefyekwa vyote. Nafurahia mabadiliko hayo kwa dhati. Ila naona mjadala wenyewe bado umekaa upande. Watu wanabishana kuhusu kuta: zibaki au zianguke, zirudishiwe tofali la kijivu au zijengwe upya kwa zege. Mimi nataka tuulize kitu kingine kabisa. Mafundi wakishakusanya vifaa vyao na vumbi likatulia, nani analala humo ndani? Akiwa ni yule yule aliyekuwa akilala hapo jana, na sasa ana choo chake na maji yake, basi mtaa umehuishwa. Akiwa ameshahamia ghorofa la pembezoni mwa jiji, saa nzima na nusu kwa basi kutoka alikozaliwa, kilichohifadhiwa ni ganda.

Tuanze Beijing, maana ndiko ugomvi ulikoanzia. Mji wa kale wa Beijing umepangwa kwa vichochoro viitwavyo hutong, na asili ya mpangilio huo ni mji wa Dadu ulioanza kujengwa mwaka 1267 kwa amri ya Kublai Khan. Pembeni mwa vichochoro hivyo zimejipanga nyumba za siheyuan, yaani nyumba ya vyumba vilivyozunguka ua kwa pande zote nne, mlango mkuu mmoja, na mti mmoja au miwili katikati. Mtu wa pwani yetu hahitaji kuelezwa thamani ya ua. Ni mahali ambapo mchele unapetwa, mtoto anafundishwa kutembea na bibi anaota jua, yote hayo bila jicho la mpita njia kufika.

Lakini nyumba hizo zilishaacha kuwa za familia moja zamani. Baada ya Wakomunisti kushika dola mwaka 1949 ziligawanywa, vyumba vikapangishwa kwa familia tofauti na idara za serikali au mashirika ya umma, na wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni wenye nyumba wengi walinyang'anywa hata kile walichobakiwa nacho. Kisha Julai 1976 likaja tetemeko la Tangshan, lililoua watu zaidi ya laki mbili na kuitikisa Beijing yenyewe. Watu waliogopa kulala ndani wakajenga vibanda uani. Hofu ilipokwisha, vibanda havikuondoka. Kimoja kikawa jiko, kingine chumba cha kijana aliyeoa, kingine stoo ya makaa. Ua uliokuwa wazi ukawa ujia wa kupitisha baiskeli tu. Familia kumi au zaidi zilitumia bomba moja la maji, na choo kilikuwa cha umma, huko kwenye kona ya kichochoro. Wajerumani, Wamarekani na hata baadhi ya Wachina wenyewe waliokuja kupiga picha za hutong kwenye mwanga mzuri wa jioni hawakuwa wakiamka saa tisa usiku, mwezi wa Januari, baridi ikiwa chini ya sifuri, kumshika mkono mama mzee kumpeleka choo cha mtaa. Anayetaka kuzungumzia uhifadhi lazima aanzie hapo. Bila hivyo atakuwa anawahifadhia wenzake shida.

Nasema hivi kwa sababu upande wa uhifadhi nao una deni. Kwa miaka mingi walinzi wa mji wa kale walizungumzia umbo, mapaa, malango na mistari ya mji, na walikuwa na haki ya kuvizungumzia. Mwaka 1950 msanifu Liang Sicheng pamoja na mwenzake Chen Zhanxiang walipendekeza makao ya serikali mpya yajengwe magharibi ya mji wa kale, ili mji wenyewe uachwe upumue. Pendekezo lilikataliwa. Kuta za mji zikabomolewa hatua kwa hatua, na mahali zilipokuwa pakapitishwa reli ya chini ya ardhi na barabara ya mzunguko wa pili. Nadhani Liang alikuwa sahihi, na hasara ile haitafidiwa. Hata nyumba aliyoishi na mkewe Lin Huiyin miaka ya 1930 katika kichochoro cha Beizongbu haikusalimika. Ilishaorodheshwa kuwa mali ya urithi, lakini ilibomolewa, na habari zilipotoka Januari 2012 ikaelezwa kwamba ule ulikuwa "ubomoaji wa matengenezo". Msemo huo uliwakera sana raia wa China, na nikiusoma hadi leo unanikera mimi pia.

Aliyejaribu kuunganisha kuta na watu ni Wu Liangyong, profesa wa Chuo Kikuu cha Tsinghua aliyefanya kazi na Liang. Mwishoni mwa miaka ya 1980 alipewa eneo la kichochoro cha Ju'er, mahali ambapo nyumba zilikuwa zimechoka kupita kiasi. Aliita njia yake uhuishaji wa kiasili: mtaa ni kama mwili, unabadilisha chembe zilizokufa bila kumuua mwenye mwili. Zilizofaa zikabaki, zilizooza zikabomolewa, na mahali pake yakajengwa majengo ya ghorofa mbili na tatu yanayozunguka ua, miti ya zamani ikiachwa ilipo. Kila nyumba ikapata jiko na choo chake. Mradi ulipata Tuzo ya Makazi ya Dunia mwaka 1992. Ni kazi ninayoiheshimu sana. Hata hivyo, wakazi wengi wa awali hawakubaki, maana hata bei iliyopunguzwa iliwashinda. Msanifu alifanya yote aliyoweza kwenye karatasi yake ya ramani. Lililowaondoa watu halikuwamo kwenye ramani.

Lililowaondoa ni ardhi. Hapa ndipo penye kiini, na ndipo makala nyingi za kusifia au kulaani China hupapita haraka. Katiba ya mwaka 1982 ilisema ardhi ya mijini ni mali ya dola. Marekebisho ya mwaka 1988 yakaruhusu haki ya kuitumia iuzwe. Kisha mageuzi ya kodi ya mwaka 1994 yakapeleka sehemu kubwa ya mapato serikali kuu, huku shule, barabara na hospitali zikibaki mzigo wa serikali za mitaa na majimbo. Meya afanye nini? Akauza haki ya kutumia ardhi. Mwaka 2021 mauzo hayo yaliziingizia serikali za maeneo takriban yuani trilioni 8.7. Sasa fikiria mtaa wa kale ulioko katikati kabisa ya jiji, karibu na kituo cha treni na hospitali kubwa, wenye nyumba za ghorofa moja zinazokaliwa na wazee wanaolipa serikali pango dogo. Kwa macho ya mhasibu, ile ni fedha iliyolala usingizi. Tingatinga halikuja kwa kuwa Wachina hawapendi historia yao. Lilikuja kwa kuwa bajeti ya mji ilikuwa inaisubiri ile ardhi.

Wengine waligoma. Wachina waliwaita "nyumba msumari", kwa sababu nyumba iligoma kung'oka kama msumari uliozama kwenye ubao mgumu. Iliyojulikana zaidi ni ya Chongqing mwaka 2007: nyumba moja ya matofali imesimama peke yake juu ya kichuguu cha udongo, pande zote imechimbwa shimo refu la msingi wa jengo jipya. Picha yake ilizunguka dunia nzima. Januari 2011 ikatoka kanuni mpya ya kutwaa nyumba zilizoko kwenye ardhi ya dola, iliyosema fidia isiwe chini ya bei ya soko na ikaondoa mamlaka ya serikali kubomoa kwa nguvu bila kupitia mahakamani. Ilikuwa hatua kubwa. Ila kanuni ya fidia ni kanuni ya kuondoka. Inakuhakikishia bei, haikuhakikishii kubaki.

Njia ya kuhifadhi kuta na kuondoa watu ilipata sura yake ya kupendeza zaidi Shanghai. Mtaa wa Xintiandi ulifunguliwa mwaka 2001. Ni nyumba za shikumen, zile za karne ya 19 na 20 zenye lango la fremu ya jiwe na vichochoro vyembamba katikati, zilizogeuzwa mikahawa na maduka ya kifahari jirani kabisa na jengo ambamo Chama cha Kikomunisti cha China kilifanya mkutano wake wa kwanza mwaka 1921. Kazi ya mikono ni safi. Tofali la zamani lilioshwa na kurudishwa mahali pake. Familia zaidi ya elfu mbili zilihamishwa ili hilo liwezekane. Mameya wa miji mingine walikwenda kutazama, wakarudi makwao na agizo moja: nasi tunataka Xintiandi yetu. Kwa muda mrefu hiyo ndiyo iliyoitwa hifadhi.

Sio mbali na hapo kuna Tianzifang, katika Barabara ya Taikang. Huko wasanii walianza kupanga viwanda vidogo vilivyofungwa mwishoni mwa miaka ya 1990, kisha wenyeji wakaanza kuwapangisha vyumba vyao vya chini, duka baada ya duka, hadi mpango wa kubomoa ukaachwa. Mtaa ulijaa watalii kupita kiasi. Wazee wa ghorofa za juu walilalamikia moshi wa vyakula na kelele za usiku, na wengi mwishowe walipangisha vyote wakahama. Pamoja na hayo, ningeambiwa nichague kati ya miwili hii, nachagua Tianzifang bila kusita. Fedha ilipitia mikononi mwa mwenyeji kwanza. Aliyehama aliamua siku yake, na kodi aliendelea kuipokea.

Kuna aina ya tatu, mbaya kuliko zote: kubomoa cha kweli ili kujenga cha bandia. Datong, mji wa makaa ya mawe katika jimbo la Shanxi, ulijenga upya ukuta wake mkubwa wa kale kuanzia mwaka 2008 na kuhamisha maelfu ya watu waliokuwa wakiishi ndani na kando yake. Machi 2019 wizara ya nyumba na idara ya urithi wa utamaduni ziliitaja Datong hadharani pamoja na Liaocheng, Luoyang, Hancheng na Harbin, kwa kushindwa kuilinda hadhi ya miji ya kihistoria waliyopewa. Hadhi hiyo ilianza mwaka 1982 kwa miji 24, na leo inashikiliwa na miji zaidi ya 140. Huko Kashgar, magharibi kabisa ya China, mwaka 2009, mitaa ya nyumba za udongo za Wauyghuri, jamii ya Waislamu walio wachache nchini humo, ilianza kubomolewa na kujengwa upya kwa sababu ya hatari ya matetemeko. Hatari ilikuwa ya kweli. Lakini kwa jamii ambayo haikuwa na nafasi ya kusema hapana, hoja ya usalama wa jengo ilibeba mambo mengi kuliko usalama wa jengo.

Sasa niende Guangzhou, mji ambao wafanyabiashara wetu wanaujua kama wanavyoijua Kariakoo. Wengi huishia Xiaobei, Sanyuanli na kwenye masoko ya jumla ya nguo na simu. Mimi nilipokuwa huko kwa shughuli zangu nilivuka hadi Liwan, upande wa magharibi, kwenye Barabara ya Enning. Mvua ilikuwa inanyesha na sikulowa. Nyumba za barabara ile zina ghorofa zilizotokeza mbele zikibebwa na nguzo, hivyo chini yake kuna njia iliyoezekwa inayofuata barabara nzima, na wenye maduka huketi hapo kama sisi tunavyoketi barazani. Ukipita unasikia nyundo kabla hujaona kitu: mafundi wa shaba, wamekaa kwenye viti vifupi, wanagonga birika na sufuria kwa mkono, pigo dogo dogo, hadi uso wote wa chombo unakuwa na vidoa kama maji yaliyoguswa na matone. Nilisimama muda mrefu kwenye mlango mmoja wa nyumba ya kale. Una mapao ya mbao ya mviringo yaliyolazwa, moja juu ya jingine kama ngazi, na yote huteleza kwa pamoja kuingia ubavuni mwa ukuta. Ukiyafunga, mwizi hapiti ila upepo unapita. Watu wa mji wenye joto na unyevu walilitatua tatizo lao kwa mbao tu, na fundi wa kwetu Lamu angeelewa papo hapo.

Barabara hii ilikaribia kufa. Mwaka 2006 ilitangazwa kuendelezwa upya, nyumba nyingi zikabomolewa, wakazi na wanafunzi wa vyuo wakapinga, kazi ikasimama katikati, na kwa miaka kadhaa mtaa ukabaki na mapengo kama kinywa kilichong'olewa meno. Mwaka 2016 sehemu iitwayo Yongqing Fang ilifunguliwa baada ya kile walichokiita "ukarabati mdogo": nyumba hazikufyekwa, zilirekebishwa moja moja. Oktoba 2018 Rais Xi Jinping alipita hapo na kusema miji irekebishwe kwa ustadi wa kudarizi, kidogo kidogo, bila pupa. Tangu siku hiyo neno "kudarizi" limo katika kila hati ya mipango miji ya China, na nalipenda. Anayejua kofia ya viua anajua kazi ile haina njia ya mkato. Ukikosea tundu moja unalifumua hilo moja, hutupi kofia nzima. Ila Yongqing Fang iliendeshwa na kampuni kubwa ya ujenzi iliyopewa haki ya kuitumia kwa miaka kadhaa, na ukitembea humo ndani sehemu kubwa ni mikahawa, ofisi na maduka ya zawadi. Kudarizi kumefanyika kwenye kuta. Wakazi bado walihesabiwa mwisho.

Mfano unaonipa moyo zaidi uko Nanjing, kusini mwa mji wa kale, katika mtaa uitwao Xiaoxihu. Mwaka 2009 ubomoaji katika eneo hilo pana la kusini ulizua upinzani mkali, na wasomi 29 waliandika barua ya pamoja kutaka usitishwe. Kuanzia mwaka 2015 wasanifu wa Chuo Kikuu cha Kusini-Mashariki waliingia Xiaoxihu kwa mtindo tofauti: kila kiwanja na kila familia iliulizwa, unataka kukaa au unataka kuondoka? Anayekaa, asaidiwe kukarabati. Anayeondoka, alipwe. Wengine walihamishiwa jengo lililoko ndani ya mtaa uleule ili wasipoteze majirani.

Na hapa nataka msomaji anisikilize kwa makini, maana siri ya mtaa ule iko chini ya ardhi. Sababu kubwa ya kubomoa mitaa ya kale si kwamba mapaa yanavuja. Paa unaliziba. Sababu ni kwamba kanuni zinataka bomba la maji safi, la majitaka, la gesi na waya za umeme ziachane kwa umbali fulani, na kichochoro chenye upana wa hatua tatu hakiwezi kuvibeba vyote vikiwa vimelala sambamba. Kwa hiyo mhandisi anasema barabara ipanuliwe, na kupanua ni kubomoa upande mmoja au pande zote mbili. Xiaoxihu walijenga handaki dogo la zege chini ya kichochoro, wakapitisha humo mabomba na nyaya kwa pamoja. Kichochoro kikabaki na upana wake wa zamani. Vyoo vikaingia ndani ya nyumba. Mkazi mmoja alikubali ukuta wa ua wake ufunguliwe ili majirani na wapita njia waingie kutazama maua yake, na ua huo sasa ni wa wote. Mwaka 2022 mtaa ule ulitambuliwa katika tuzo za UNESCO za urithi wa Asia na Pasifiki. Ningekuwa na uwezo ningewapeleka mameya wote huko, wasipige picha ya ukuta hata mmoja, washuke kwenye lile handaki.

Beijing nako kuna ua mmoja mdogo unaostahili kutajwa, namba 8 katika kichochoro cha Cha'er, eneo la Dashilar, kusini-magharibi ya Uwanja wa Tiananmen. Ni ua uliosongamana kama zile nilizozieleza, umejaa majiko madogo yaliyojengwa kiholela na familia, huku mti mmoja mkubwa wa kale ukitia kivuli juu yake. Mpango wa kawaida ungesema: ondoa vibanda vyote, rudisha ua ulivyokuwa zama za Qing, nasaba ya mwisho ya wafalme wa China. Msanifu Zhang Ke alikataa. Kwake yale majiko ni historia pia, historia ya watu wa kawaida wa Beijing katika miaka sitini iliyopita. Aliyaacha akayarekebisha, na chini ya paa la mojawapo ya majengo akaweka maktaba ya watoto ya mita za mraba tisa, iliyojengwa kwa zege lililochanganywa na wino wa Kichina hadi likawa na rangi ya kijivu iliyokolea. Watoto wanaotoka shule ya jirani huketi humo wakisubiri wazazi. Mwaka 2016 kazi hiyo ilipata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu Majengo, kutoka familia ileile ya taasisi zilizosaidia kukarabati Mji Mkongwe wa Zanzibar.

Na kwa kuwa nimeitaja Zanzibar, kuna jambo ambalo hukumbukwa mara chache. Mwaka 1982, mwaka uleule China ilipotangaza miji yake 24 ya kihistoria, wataalamu wa Kichina ndio waliouandaa mpango mkuu wa Mji wa Zanzibar. Sisi nasi tangu hapo tumejifunza kwa uchungu kwamba nyumba ya kale hufa kwa njia mbili: kubomolewa, au kuporomoka yenyewe. Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka na kuua watu, na hakuna tingatinga lililoigusa.

Nirudi China. Agosti 2021 wizara ya nyumba ilitoa waraka ambao naona ni muhimu kuliko hotuba zote. Ulisema katika eneo la uhuishaji, majengo yanayobomolewa yasizidi asilimia 20 ya ukubwa wa majengo yaliyopo. Magazeti yakaichukua namba hiyo na kuikariri. Lakini ndani ya waraka huohuo kuna namba nyingine mbili ambazo hazikupigiwa kelele: wakazi wanaohamishwa wapatiwe makazi palepale au jirani kwa kiwango kisichopungua asilimia 50, na kodi za kupanga nyumba mjini zisipande zaidi ya asilimia 5 kwa mwaka. Hizi ndizo namba za binadamu. Ya kwanza inapima ukuta, hizi mbili zinapima nani analala humo. Udhaifu ni kwamba lugha ya waraka ni ya ushauri zaidi kuliko amri, na meya akitaka kuzikwepa, nafasi anayo.

Kuna anayenipinga kwa hoja nzito, nami naipokea. Wakazi wengi wa mitaa ya kale hawataki kubaki. Kuna familia zilizoisubiri ile herufi ya "bomoa" kwa miaka kama mtu anavyosubiri mavuno, kwa sababu fidia ndiyo njia pekee ya kijana kupata nyumba ya kuolea. Ni kweli. Kwa hiyo simlazimishi mzee yeyote kubaki mtaani ili mimi mgeni nikipita nione maisha halisi. Beijing sasa wana utaratibu wa mkazi kuomba mwenyewe kurudisha chumba cha serikali na kupewa nyumba kwingine, hasa karibu na Mhimili wa Kati wa mji, yaani mstari wa majengo ya kale unaoukata mji kaskazini hadi kusini, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia Julai 2024. Utaratibu wa kuomba mwenyewe ni bora mara mia kuliko wa kupakwa rangi. Tatizo ni chaguo la upande mmoja. Anayetaka kuondoka analipwa mara moja. Anayetaka kubaki anaambiwa asubiri bomba.

Halafu yuko mpangaji asiyehesabiwa kabisa, mhamiaji kutoka mashambani asiye na kibali cha ukazi wa jiji, anayeuza mboga au kukata nywele kwenye kidirisha cha kichochoroni. Mwaka 2017 Beijing iliendesha kampeni ya kuziba matundu yaliyotobolewa kwenye kuta za nyumba na kugeuzwa maduka. Walipita wakiziba kwa tofali mlango baada ya mlango. Mbele ya jicho la mpiga picha, hutong zilirudi kuwa nadhifu, kijivu kimoja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Bibi wa chumba cha nyuma alilazimika kutembea mbali zaidi kutafuta vitunguu, na kinyozi akarudi kwao. Hakuna waraka wa urithi uliomtaja kinyozi huyo, ingawa bila yeye mtaa ulikuwa umeshapoteza nusu ya uhai wake.

Sasa soko la ardhi limeanguka. Yale mapato ya trilioni 8.7 yalishuka chini ya trilioni 5 mwaka 2024, na makampuni makubwa ya ujenzi hayana tena ubavu wa kununua mtaa mzima kwa mkupuo. Wengi wanalitazama hili kama janga la uchumi, na kwa mafundi waliokosa kazi ni janga kweli. Kwa mitaa ya kale ni nafasi ambayo haijawahi kutokea tangu mwaka 1994: kwa mara ya kwanza, kukarabati kidogo kidogo kunaweza kuwa rahisi kuliko kufyeka. Fedha ya umma itakayotoka sasa itoke kwa masharti. Kila mji unaotaka kuitwa mji wa kihistoria uchapishe kila mwaka, mtaa kwa mtaa, familia ngapi zilikuwepo kabla ya kazi kuanza, ngapi ziko palepale baada ya miaka mitano, wapangaji wangapi, kodi imepanda kwa kiasi gani, na nyumba ngapi zimeunganishwa na majitaka. Ziandikwe kwa herufi kubwa kwenye ubao wa mtaa, pale pale ukutani ilipokuwa ikipakwa ile herufi moja.